Jaketi ya kuazima: shajara ya bakteria wa njugu mawe, Kisumu

Mei 24

Nimerudi Kisumu saa mbili usiku, matope ya Butere bado iko kwa viatu, na kwa begi niko na chupa ndogo 46 za vinundu vya njugu mawe. Sijala tangu asubuhi ila mandazi mbili za stejini. Lakini nikilala bila kuandika nitasahau, so wacha niandike.

Mradi ni huu. Njugu mawe, tsimbande kwa Waluhya, ina bakteria wanaishi kwa vinundu vya mizizi na kazi yao ni kushika naitrojeni ya hewani na kuigeuza amonia ambayo mmea unaweza kula. Wengi wao ni jenasi moja inaitwa Bradyrhizobium. Wale wa soya wamesomwa mpaka wamechoka, kuna hadi wa kununua kwa paketi, ile Biofix ya kutoka Nakuru. Wale wa njugu mawe za huku kwetu ni kama watoto wa mtaa, kila mtu amewaona lakini hakuna mwenye anajua baba yao ni nani. Nataka kuwapanga: nani ni wa spishi gani, nani hana jina kabisa. Na si kwa kuangalia sura, ni kwa kusoma jenomu (DNA yote ya bakteria) na kuilinganisha na za wengine.

Leo mama mwenye shamba la pili alinitazama nikichimba akaanza kucheka. Nilikuwa nimepiga magoti na kijijembe, nachimba mbali na shina halafu naingia polepole, maana ukivuta mmea kwa nguvu vinundu vinabaki chini. Akaniuliza, "Papa, unatafuta nini na mbegu bado hazijakomaa?" Nikamwambia natafuta wadudu. Akasema wadudu wa tsimbande hawapo, yeye hajawahi kupiga dawa. Nikachukua kinundu kimoja, ukubwa kama punje ya mtama hivi, nikakikata na ukucha nikamwonyesha ndani: pinki, karibu nyekundu, kama ufizi wa mtoto. Hiyo rangi ni leghemoglobini, ndiyo inabeba oksijeni kwa kipimo ili kimeng'enya cha kushika naitrojeni kisiharibike, na ukiona pinki ujue kazi inaendelea. Kikiwa kijani ama cheupe, hapo hakuna mtu kazini. Mama akakiangalia sana halafu akaniambia, kama ni mimi namfundisha kitu anajua, kwamba mahali ametoa tsimbande mwaka huu ndipo ataweka mahindi mwaka ujao. Si anajua tayari. Mimi ndio sijui jina.

Juni 2

Shamba ni tatu sasa: Butere (naandika BT), Matayos kule Busia (MT) na Maseno (MS). Vinundu viko kwa chupa zenye silika jeli na pamba juu.

Leo kuosha. Spiriti nusu dakika, jiki dakika tatu, halafu maji safi mara sita. Mara sita kweli kweli, si mara nne halafu unajiambia inatosha. Halafu unaponda kinundu na kijiti cha glasi, unachora maji yake kwa sahani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) ya mannitoli na hamira yenye rangi ya Kongo nyekundu. Hii rangi ina kazi: rhizobia (bakteria wa vinundu) hawainywi sana, wanabaki weupe weupe, na wageni wengi wanaimeza wanakuwa wekundu. Maji ya kuosha ya mwisho nayo unayachora kwa sahani yao, ndio ujue kama uliosha ama ulicheza.

Juni 5

Siku ya tatu na sahani tano tayari zimejaa. Makoloni makubwa, meupe, yanang'aa, yanateleza. Nilifurahi sana nikapiga picha nikatumia Prof wa lab yetu. Akajibu neno moja: "Mapema."

Sikuelewa mpaka nikakaa chini. Brady- maana yake ni polepole. Hawa wetu wanachukua siku saba hadi kumi kuonekana, na ndio maana mwaka 1982 walitolewa kwa Rhizobium wakapewa jenasi yao. Kitu kinajaza sahani kwa siku tatu kina haraka ya nini?

Juni 12

Nimejaribu na bromothimoli buluu. Ukiweka hii rangi kwa agari inaanza kijani, wale wa haraka wanatoa asidi wanaigeuza njano, wale wa polepole wanaigeuza buluu. Zile sahani tano za furaha: njano kama ugali wa mahindi ya njano. Zile nilikuwa nimezipuuza huko nyuma ya inkubeta, vidoti vidogo kama chumvi iliyomwagika, leo ni buluu safi.

Njano nimetupa nne nimebakisha moja, BT-9, sijui kwa nini. Roho tu.

Juni 20

Makoloni safi 11. Nimechora kila moja mara tatu. Hakuna hadithi hapa, ni kuchora, kusubiri, kuchora.

Julai 3

Majibu ya 16S yamerudi. Kwa wale hawajui: 16S ni jeni ya kama herufi 1,500 za DNA iko kwa kila bakteria, inabadilika polepole sana, na tangu Carl Woese na George Fox waitumie mwaka 1977 kuonyesha kuna tawi zima la uhai lilikuwa limejificha (arkea), imekuwa ndio kitambulisho cha kwanza. Unaisoma, unaitafuta kwa hifadhidata, inakuambia jamaa zako ni akina nani. Watu wengi husema ukipita kama 98.65% basi huenda mko spishi moja, ukiwa chini basi nyinyi ni tofauti.

Yangu kumi zimepita 99%. Kwa spishi NYINGI, kwa wakati mmoja. MT-1 inafanana na spishi sita tofauti kiasi kwamba tofauti ni herufi mbili tatu, na sijui kama hata hizo ni za kweli ama ni makosa ya mashine.

Hii ni shida inajulikana kwa Bradyrhizobium, nilikuwa nimeisoma, lakini kuisoma na kukutana nayo ni vitu viwili. Ni kama unauliza mtu anatoka wapi anakuambia Kisumu. Sawa, lakini Kisumu gani? Kondele? Nyalenda? Milimani kwa wenye pesa? Jibu si uongo, ni vile halikusaidii kumtafuta.

Ya kumi na moja, ile BT-9 ya njano: Agrobacterium. Hawa huwa wanaingia kwa vinundu vya wenyewe kama mtu wa kudandia harusi, wanakula na kuondoka. Nimeiweka kwa friza hata hivyo.

Julai 9

Nilidhani nimepata njia ya mkato. Nilisoma nodC, moja ya jeni ambazo bakteria anatumia kutengeneza ile ishara ya kemikali inaambia mzizi "fungua, ni mimi". Hii jeni inatofautiana vizuri. Nikachora mti, ukatoka msafi: BT-3 na MT-1 wako tawi moja, herufi kwa herufi hawana tofauti hata moja. MS-7 iko tawi la mbali kidogo. Nikaandika kwa daftari "BT-3 = MT-1, spishi moja" nikapiga mstari chini.

Prof alipita akaangalia mti, hakukaa. Akasema, "Hiyo umepanga jaketi. Watu bado."

Nimekaa nayo siku nzima. Ni hivi: jeni za kutengeneza vinundu na za kushika naitrojeni hazijatawanyika kwa jenomu yote, kwa wengi zimekaa pamoja kwa kipande kimoja wanakiita kisiwa cha simbiosisi (yaani cha kuishi pamoja na mmea), na hicho kipande kinaweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine hata kama si ndugu. Kwa ile bakteria maarufu ya soya, USDA 110, kisiwa ni kama herufi 681,000 kati ya 9,105,828. Sasa fikiria boda pale stejini. Jaketi ya kung'aa inaonyesha huyu anabeba abiria, lakini leo ameivaa Otis, kesho amempa binamu yake, kesho kutwa imeonekana kwa mtu hata hujui. Ukihesabu familia kwa kufuata jaketi utajikuta umeozesha watu wasiojuana.

Nimefuta ule mstari. Haukufutika vizuri, ilikuwa biro.

Na hiyo USDA 110 yenyewe ina funzo. Jenomu yake ilisomwa yote Japani ikatoka 2002, kila mtu anaiita Bradyrhizobium japonicum, vitabu vimeandikwa hivyo. Halafu 2013 watu wakalinganisha vizuri wakasema huyu si japonicum, ni spishi ingine, wakaiita B. diazoefficiens. Kama huyo aliyesomwa kuliko wote alikuwa anatembea na jina la mwenzake miaka yote hiyo, wa njugu mawe wa Matayos ni nani ajue jina lake?

Julai 22

DNA. Wiki mbili za mateso.

Hawa bakteria wanatoa ute. Ukikusanya seli kwa tyubu unapata kitu kinavutika kama mrenda umepikwa na munyu mwingi, kile cha kufuata kijiko mpaka mdomoni na bado hakijakatika. Ukiweka hiyo kwa kolamu ya kit ya kutoa DNA, kolamu inaziba, DNA inatoka kidogo na chafu. Mara nne nimepima nimepata takataka.

Kilichosaidia ni kitu cha kizamani: kuosha seli na maji ya chumvi mara mbili kabla ya kuzivunja, halafu CTAB (kemikali ya kutenganisha ute na DNA), halafu kumwaga alkoholi polepole na kugeuza tyubu taratibu. Usitikise! Tunataka nyuzi ndefu, ukitikisa unazikatakata. Jana jioni nikigeuza tyubu ya BT-3 nikaona ule uzi mweupe unaning'inia kama utando wa buibui ndani ya maji, nikaita watu wote wa lab waje waone, wawili ndio walikuja, mmoja alikuwa anatafuta chaja yake.

Julai 30

Flo seli, kile kisahani chenye tundu za kusoma DNA, imefika, baridi bado iko. Ni ya MinION, kile kimashine cha Oxford Nanopore kinaingia mfukoni, kinasoma DNA kwa kuipitisha kwa tundu dogo sana na kupima vile umeme unavyobadilika kila herufi zikipita. Tundu hai 1,214 tulipopima. Kampuni inaahidi angalau 800 kwa hivyo tuko sawa.

Tunaweka sita pamoja, kila moja na lebo yake ya DNA: BT-3, BT-12, MT-1, MT-4, MS-7, na BT-9 ya njano kwa sababu nafasi ilikuwa. Hesabu yangu: jenomu ya herufi milioni 9, ukitaka kila mahali pasomwe kama mara 50 unahitaji herufi milioni 450 kwa kila mmoja. Kwa sita hiyo ni bilioni 2.7. Flo seli nzuri inafika hapo bila jasho.

Nalala lab leo.

Julai 31, saa kumi asubuhi

Stima imepotea saa nane usiku. UPS ilishikilia dakika kumi na moja, nilihesabu, halafu ikalia ile milio ya mwisho kama mbuzi. Laptopu iliendelea na betri yake lakini USB ikakatika ukatikaji wa ajabu na kusoma DNA kukasimama. Nimekaa gizani nasikia vyura na jenereta ya jirani, jengo letu nalo jenereta yetu iko, mafuta ndiyo haiko.

Stima ilirudi saa tisa na nusu. Nimeanzisha upya, tundu hai zimeshuka hadi 700 na kitu. Data iliyokwisha andikwa haikupotea. Asante Mungu.

Agosti 2

Jumla bilioni 3.4. Inatosha wote isipokuwa MT-4 amepata kidogo, ute tu, nilijua.

Agosti 6

Sasa ile data ni mawimbi ya umeme, bado haijawa herufi. Kuigeuza kunataka GPU (kadi ya michoro ya kompyuta), na laptopu yangu haina. Ikifanya kwa prosesa ya kawaida na modeli ya hali ya juu, makadirio yalisema wiki kadhaa. Wiki kadhaa!

Nimeenda Kondele kwa kijana mwenye chumba cha gemu. Ana kompyuta moja ya maana, ile watoto hulipia kucheza mpira, na ndani ina kadi ya NVIDIA nzuri kuliko chochote tuko nacho chuoni. Nikamweleza. Akaniuliza, "Omera, hii ni virusi?" Nikasema ni bakteria, na wako kwa diski ya kompyuta kama namba tu, hawawezi kushika mtu. Akasema usiku baada ya kufunga naweza kutumia, nilipe kama saa za gemu. Usiku mbili imeisha. Ananiita daktari wa mizizi. Prof anasema tumtaje kwa shukrani za pepa na mimi naona ni haki yake kabisa.

Agosti 11

Leo ni siku ya maana. Niliunganisha vipande na Flye (vile vipande virefu vinapishana, programu inatafuta mahali vinapishana inashona) na BT-3 imetoka DUARA MOJA. Herufi milioni 8.7, duara limefunga, hakuna pengo. Nilitoka nje nikazunguka jengo nikarudi kuangalia kama bado ni moja.

MS-7 duara moja pia. MT-1 duara moja na kipande kidogo pembeni nadhani ni plasmidi (DNA ndogo ya ziada, nje ya kromosomu). BT-9 ina vipande viwili vikubwa, mmoja wa duara na mmoja mnyoofu, na hiyo ni tabia ya Agrobacterium kweli, kromosomu moja ya duara na ingine iliyonyooka. Kwa hivyo yule mdandiaji amesaidia, ametuonyesha kwamba mashine na ushonaji havitudanganyi.

BT-12 imetoka fujo, vipande 212.

Agosti 13

Kabla ya kulinganisha chochote lazima upime usafi. Programu ni CheckM. Wazo lake ukilipeleka kijijini ni la kuhesabu viungo: kila mwili una kichwa kimoja na kitovu kimoja. Kuna jeni ambazo bakteria wa kundi fulani huwa nazo moja moja. Ukikosa nyingi, mwili haujakamilika. Ukizikuta mbili mbili na hazifanani, hapo kuna watu wawili wamelala kitanda kimoja.

BT-3, MT-1, MS-7: ukamilifu juu ya 99, uchafu chini ya 1. Kiwango kinachokubalika cha jenomu bora ni ukamilifu zaidi ya 90 na uchafu chini ya 5, pamoja na jeni za ribosomu na angalau tRNA 18 (vifaa vya seli vya kutengeneza protini), kwa hivyo tuko juu.

BT-12: uchafu 31. Koloni "safi" nilichora mara tatu! Bakteria wawili wameshikana kwa ule ute kama ndizi mapacha. Inarudi kwa sahani. MT-4 haijafika kiwango, nayo inarudi.

Nimebaki na watatu. Kutoka chupa zote zile mpaka watatu. Sijui kama nicheke.

Agosti 17

ANI. Hapa ndipo mradi wote ulikuwa unaelekea kwa hivyo nitaandika polepole.

ANI ni wastani wa kufanana. Programu ya FastANI inachukua jenomu moja inaikatakata vipande vya herufi 3,000, kila kipande inakitafutia mwenzake kwa jenomu ya pili, inapima wanafanana asilimia ngapi, halafu inatoa wastani wa vyote vilivyopata mwenzake. Zamani watu walifanya hii kwa kuchanganya DNA mbili maabarani na kuona zinashikana kiasi gani, kipimo kilikuwa 70%, kazi ngumu na kila lab ilipata namba yake. ANI ya 95 hadi 96 ndiyo ikaonekana inalingana na ile 70 ya zamani. Mwaka 2018 waliotengeneza FastANI walipima kama jenomu 90,000 wakakuta ni wachache sana wanaangukia kati ya 83 na 95, yaani kuna bonde katikati, ama mko karibu sana ama mko mbali.

Kipimo hakijui cheo cha mtu. Shigella, ile ya kuhara damu, na E. coli ukiwalinganisha hivi ni spishi moja. Majina mawili yamebaki kwa sababu hospitali imeyazoea na kuyabadilisha kungechanganya matibabu.

Sasa zangu:

BT-3 na MS-7, Butere na Maseno: 98.9. Spishi moja, bila ubishi. Kumbuka kwa ule mti wa nodC hawa walikuwa matawi tofauti.

BT-3 na MT-1, wale "ndugu" wa nodC herufi kwa herufi: 81.

Themanini na moja! Hata spishi hapana, hawa ni pande mbili tofauti kabisa za jenasi, BT-3 iko upande wa kina B. elkanii na MT-1 upande wa kina japonicum. Na wamevaa jaketi moja, namba moja mgongoni. Nilifungua kile kipande nikaangalia kwa jicho, kisiwa kinaanza karibu na jeni ya tRNA kwa wote wawili, ndani mpangilio ni uleule, nod (za vinundu) kisha nif (za naitrojeni), na ukitoka tu nje ya kisiwa jirani hawafanani hata kidogo. Ni kama umekata kiraka cha kitenge kimoja ukakishona kwa gauni mbili.

Nilimwonyesha Prof. Hakusema jaketi. Alisema, "Chora picha ya hiyo."

Agosti 21

Jirani wa karibu wa BT-3 mwenye jina rasmi ni 91.8 tu. Hiyo iko chini ya 95 wazi wazi.

MT-1 ndiyo imenikosesha usingizi. Jirani yake ni 95.2. Juu ya 95, chini ya 96. Nimepeleka TYGS, ile huduma ya bure ya Wajerumani wa DSMZ unapakia jenomu na wenyewe wanakokotoa ule mchanganyiko wa DNA kwa kompyuta, ikarudi 62. Chini ya 70. Kwa hivyo kipimo kimoja kinasema labda ndio na cha pili kinasema hapana.

Tumebishana lab nzima. Mwenzangu mmoja anasema mstari ni mstari, 95 imepita, mpe jina la jirani uende nyumbani. Mimi naona 95 si ukuta, ni mahali watu walikubaliana kwa kuangalia data ya wakati huo, na bakteria hakuhudhuria huo mkutano. Lakini pia sitaki kuwa yule mtu anagawanya spishi kwa sababu ya nukta mbili ili apate jina kwa pepa. Nitaangalia jeni za mwili, zile kama recA, glnII, gyrB, nione wanaangukia wapi. Kwa sasa MT-1 inabaki MT-1.

Agosti 29

Hifadhidata ya GTDB imemaliza kushuka. Zaidi ya gigabaiti 100, siku tano kwa intaneti ya chuo, usiku tu, kwa bando yangu ningeuza ng'ombe. GTDB wanapanga bakteria wote kwa kutumia jeni 120 ambazo karibu kila bakteria anazo, halafu wanakata matawi kwa kipimo kimoja ili jenasi ya huku ilingane kwa umri na jenasi ya kule. Kabla ya hapo kila kundi lilikuwa na kipimo cha mwenye kundi.

MT-1 imetoka na lile jina la jirani, lakini GTDB yenyewe inakata kwa 95 kwa hivyo hiyo sikushangaa.

BT-3 na MS-7: Bradyrhizobium, halafu pale pa spishi kuna "sp" na tarakimu tisa.

Nilikuwa nataka iwe tupu, nisidanganye. Tupu maana yake wewe ndio wa kwanza. Tarakimu maana yake kuna mtu mahali ashaweka jenomu ya huyu bakteria, ikalala huko bila jina wala maelezo. Nimefuata, ni ya kutoka mmea wa jamii ya kunde, Afrika pia. Nilinuna kama saa moja hivi. Halafu nikaona ni afadhali: bakteria mmoja kutoka shamba moja ni tetesi, huyu sasa ameonekana Butere, Maseno na kwingine. Sitaandika "mpya" popote kwa hii pepa. Nitaandika "hana jina".

Septemba 6

Jina si rahisi. Kanuni za zamani zinataka bakteria hai aliyewekwa kwa hifadhi mbili za nchi mbili tofauti, na kutoa bakteria Kenya kunataka karatasi, leseni ya utafiti ya NACOSTI, kibali cha mazingira cha NEMA, chini ya Itifaki ya Nagoya (mkataba wa nchi kuhusu nani anafaidi na viumbe vya nchi). Haki yetu hiyo, silalamiki, lakini ni miezi. Tangu 2022 kuna SeqCode ambapo jenomu yenyewe inaweza kuwa ushahidi wa jina, iliundwa hasa kwa bakteria wasiokubali kukuzwa. Mwenzangu anasema tupitie huko haraka haraka. Mimi nasema wetu wanakuzwa, wako kwa friji wanapumua, kwa nini tuwape jina kama marehemu? Prof amekubaliana na mimi, kwa hivyo karatasi.

Septemba 10

Kitu kingine ambacho jenomu haiwezi kuapa: kwamba BT-3 inatengeneza vinundu kweli. Jeni ziko, lakini jeni kuwepo, na kazi kufanyika, ni mambo mawili. Makopo 24 ya mchanga uliochemshwa, mbegu za njugu mawe za yule mama (alinipa kikombe, alikataa pesa, akaniambia nimletee majibu), chakula cha mmea chenye kila kitu ila naitrojeni. Sita BT-3, sita MT-1, sita BT-9 mdandiaji, sita bila kitu.

Oktoba 15

Wiki tano. Makopo ya BT-3 majani ni kijani ya kukolea mpaka unataka kuyachuma. MT-1 kijani pia, kidogo nyuma. BT-9 na yale ya bila kitu yamekuwa njano, majani ya chini yameanza kuanguka.

Nimeng'oa leo. BT-3 vinundu vingi, nimekata vitatu: pinki. BT-9: sufuri, kama tulivyodhani.

Makopo ya bila kitu: sufuri, sufuri, sufuri, sufuri, sufuri. La sita lina kinundu kimoja. Kimoja, karibu na juu, upande wa dirisha, na ndani ni pinki. Nimeuliza nani alimwagilia Jumamosi nikiwa Matayos, mwanafunzi wa atachimenti akasema ni yeye, alitumia kopo lile la BT-3 kwa sababu lile lingine lilikuwa linavuja.

Kinundu nimekiweka kwa chupa na silika. Mchanga tunachemsha upya Jumatatu.